Sifuri Iko Montana

Bunge la jimbo lilikaa kikao cha baridi,
mabuti yakidondosha theluji zuliani,
likapitisha: nchi hii ni bapa.
Si kwa ujinga. Walijua dunia ni duara.
Walitaka tu mkulima apime konde lake
bila kubebeshwa mgongo wa dunia nzima.

Wakakunja karatasi kama ya muuza njugu,
wakaivisha Dakota Kaskazini,
na pale inapogusa udongo, mistari miwili tu,
sheria na ardhi husema namba moja.
Kwingine kote tunapunjana,
kidole hapa, unyayo kule.

Sifuri wakaitoa nje.
Iko Montana, katika malisho ya mtu ambaye hajaambiwa,
ili ndani ya jimbo asiwepo yeyote
mwenye namba ya hasi.
“Ndio upole pekee niliowahi kuukuta katika sheria,”
asema Marit Tveiten, akipangusa lenzi kwa mkono wa shati.

Mimi hushika fimbo.
Leo tuko kwa Orval Skjerven, miaka themanini na mmoja,
na shemeji yake Avis.
Hawajasalimiana tangu mwaka wa gharika.
Ugomvi: ukanda wa alizeti, upana wa trekta.
Kila mwamba ngoma huvutia kwake:
Avis ana ramani,
Orval ana maneno ya marehemu baba.

Setilaiti kumi na moja zilitujibu.
Marit akasema, “Chimba.”
Udongo mweusi, mizizi, udongo,
kisha kang!
Jiwe la kijivu, alama tatu za patasi ubavuni,
hatua nzima kando ya namba.

Avis akanyooshea skrini kidole.
“Namba hukuonyesha pa kuchimba,” Marit akamjibu.
“Jiwe likionekana, namba hunyamaza.
Hiyo nayo ni sheria.”
Jiwe likamnyima Orval mistari mitatu ya alizeti,
likamnyima Avis mmoja.

Hakuna aliyeshukuru.

Nilikuwa nafunga miguu ya kifaa
Orval aliponiuliza, hapa niliposimama ni ngapi?
Nikamsomea: tarakimu saba za mashariki,
sita za kaskazini.
Akaziandika nyuma ya risiti ya mbegu, polepole,
akirudia ile tano.

Avis alikuwa akija na koleo, njia ni nyembamba.
Mzee akasogea kando ampishe,
akaitazama risiti,
akaniangalia.

“Na sasa?”