Vumbi la Muhavura

Wateja huuliza kwanza: "Wanaliwa?"
Nikisema hapana, huuliza: "Sasa wa nini?"
Hapo ndipo biashara yangu huanzia, au hufia.

Mimi ni koplo mstaafu, mtu wa redio ya polisi,
miaka ishirini na sita nikisikiliza usiku wa wengine:
Moroto, Arua, mwisho hapa Kisoro.
Kiswahili changu ni cha kambini, msinicheke.
Ndicho ninachowasemesha chinchila,
nao hunisikiliza kuliko wajukuu.

Jozi ya kwanza aliniachia daktari wa sokwe
siku alipofungasha kurudi kwao.
"Asili yao milima ya mbali, penye baridi," akasema.
"Joto linawaua. Maji wasiguse.
Waogeshe kwa vumbi."
Nilicheka mpaka chai ikanipalia,
mimi niliyechapwa utotoni kwa kuoga vumbi!

Lakini vumbi tunalo.
Muhavura aliutema moto wake
kabla babu wa babu hajapata jina,
na jivu likalala, likingoja kazi.
Nalichekecha kwa kitambaa cha shela,
nalimwaga kwenye sufuria isiyo na mpini,
na chinchila anajitosa,
anabingirika, anakuwa moshi wenye masikio,
anatoka safi kama bwana harusi.

Manyoya yake, nisemeje?
Ukipuliza yanafunguka kama ua, na ngozi huioni.
Kwenye kitundu ambacho mimi nimeoteshwa unywele mmoja
yeye ana sitini.
Na huo wangu mmoja ni mvi.

Mimba siku mia na kumi na moja.
Nazikata kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya chama cha akiba;
jirani yangu Nyirabagenzi akiiona ananipa pole ya deni.
Mtoto huja macho wazi, meno tayari,
kama askari aliyeamshwa kwa zamu.

Daftari linasema:
wawili, mwenye hoteli, kwa ajili ya watalii.
Dume mmoja, mwalimu wa Seseme:
nusu pesa, nusu viazi.
Wawili, Kabale, kwa Mchungaji Turyamuhika.
Mkewe alipiga simu saa nane usiku: "Wanabweka!"
Nikamwambia, mama, nao wana mahubiri yao.
Toa nyasi kavu, toa waya, toa mbao za kutafuna.
Faida ya mwaka mzima: bei ya blanketi.
Nikanunua blanketi.

Kisha likaja gari kubwa kutoka Kampala,
mama Namuyanja na binti yake mwenye miwani.
Walimtaka Sajini, jike wangu wa kijivu.
Milioni mbili, taslimu, juu ya meza.
Bati la jikoni kwangu linavuja; nayajua matundu yake kwa majina.
Nikauliza: "Kwenu, saa nane mchana, ukuta una joto?"
"Tuna feni," akasema mama.
Feni! Kiumbe kisichotoa jasho
upepo wa feni utakipoza nini?

Akaingiza mkono, akamnyakua mgongoni.
Sajini akaruka.
Shungi la manyoya likabaki kiganjani, jepesi,
na mama akapauka: "Nimemuua?"
"Hapana. Ndivyo wanavyoaga.
Wanakuachia ulichoshika,
wanaondoka na roho yao."

Nilizirudisha noti, moja moja,
vidole vikinilaumu.
Binti hakulia. Aliomba lile shungi tu,
akalifunga ndani ya leso, akaliweka mfukoni,
akashika mfuko huo mpaka gari likakata kona.

Usiku huu mvua inagonga sufuria tatu.
Nimekaa gizani na blanketi langu,
na wao wanatafuna mbao, krr, krr,
kama redio kabla sauti haijafika.
"Nakupata," nawaambia. "Endelea."