Safu ya Maelezo

Saa kumi na mbili na robo, Hombolo.
Nashuka tuta kwa kandambili, penseli sikioni,
daftari la idara kwapani,
kusoma kigingi: mita tatu na nukta mbili.
Juzi ilikuwa tatu na nukta tatu.
Kazi yangu ni hiyo, kuandika jinsi maji yanavyotuaga.

Ila maji yakirudi nyuma huacha tope,
na tope lina wenyewe.

Huingia usiku, Septemba ikiishia, bila hodi.
Asubuhi unamkuta kitwitwi ukingoni
anakimbia kama mtu aliyesahau ufunguo,
anasimama, anakumbuka,
mkia juu chini, juu chini,
anakimbia tena.
Na sululu, mrefu, mkimya,
kapewa jina moja na chombo cha kuchimbia kaburi na choo,
naye hana ubishi: anachimba.
Mdomo wote unazama hadi machoni,
unatoka na kitu chembamba kinachojipinda,
kisha kitu hicho hakipo.

Darubini aliniachia mwalimu Mloha alipohamishiwa Kondoa.
Jicho la kushoto lina ukungu,
kwa hiyo kila ndege namwona mara mbili,
ndege, na moshi wa ndege.
Nahesabu ndege. Moshi nauacha.

Oktoba tarehe tisa nilimwona mwenye pete.
Kikaratasi cha njano mguuni, si karatasi, plastiki,
herufi tatu; nilisoma mbili, ya tatu ina tope.
Nikakaa chini palepale.
Kuna mtu, mahali penye theluji,
alimfumbata huyu kiganjani,
akampima uzito kama mimi nipimavyo bwawa,
akafungua vidole.
Yule mtu hajui kuna Hombolo.
Mimi sijui kwao kunaitwaje.
Katikati yetu kuna gramu hamsini za nyama na manyoya
zinazotafuta mdudu.

Sechelela hupita na ndoo zake mbili,
akitoka kuinywesha mizabibu michache iliyobaki.
Njia yake kila wiki inarefuka hatua kumi,
maana maji hayamsubiri.
Aliniuliza nacheka na nini peke yangu.
Nikamwonyesha.
Akatazama kwa jicho zuri, muda mrefu, akanirudishia.
"Wazuri," akasema. "Lakini unashangilia tope?
Mwenzio tope hili nalivuka na ndoo."
Akajitwisha, akaenda.
Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina:
kila sentimita ninayoililia kwenye ripoti
naifurahia kwenye darubini.

Mhandisi Nhembo alipiga simu kutoka mjini.
"Hii arobaini na tatu kwenye safu ya maelezo ni nini?
Lita? Mita za ujazo?"
"Kitwitwi, mzee."
Kimya. Nikasikia feni ya ofisini kwake ikizunguka.
"Wazima?"
"Wazima."
"Basi andika kitwitwi. Namba tupu
tutaisoma kama maji."

Mvua ilishuka Desemba, usiku wa Alhamisi,
bila upepo, kama mtu amemwaga gunia la uwele juu ya bati.
Mito ya mchanga ikapata sauti.
Asubuhi tope halipo, ufuko haupo,
maji ya rangi ya chai ya maziwa yamefika kwenye majani,
na Sechelela amesimama mlangoni kwake
na ndoo zote mbili amezifunika chini,
makusudi, kama anayewanyima kazi.
Nilimpungia. Sululu wote wamekwenda.

Nikashuka kusoma.
Juu ya kigingi, penye namba yenyewe,
amekaa kitwitwi mmoja, mkia juu chini, juu chini,
mguuni njano.
Herufi ya tatu mvua ilikuwa imeiosha.

Kina: mita tano na nukta moja.
Muda wa kusoma: saa moja kasorobo.
Maelezo: nimechelewa nusu saa.
Kigingi kilikuwa na mtu.