Kinyota Chini ya Jedwali la Pili

Ikisiri isizidi maneno mia mbili.
Nimefika mia mbili na kumi na tisa
na kila ninalolikata linavuja damu,
hata "lakini", hata "labda".

Ni usiku hapa Hovd. Jiko la makaa linakohoa.
Mama mkwe amelala nyuma ya pazia,
ameniachia chai ya maziwa na chumvi, imeota utando.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri;
simu hukata roho mfukoni.

Makala yangu yanauliza swali dogo:
mwalimu wa Kiingereza akishauliza,
hungoja muda gani kabla hajajijibu mwenyewe?
Subira huvuta heri, husemwa.
Nilitaka kujua huivuta kwa sekunde ngapi.

Nilijirekodi majuma sita,
nikaketi na saa kama mchemsha mayai.
Wastani: sekunde moja nukta mbili.
Mimi! Niliyewaita darasa la tisa B mabubu.
Sikuwaachia hata nafasi ya kumeza mate.

Basi nikajifunza kungoja.
Jaribu, utajua: sekunde tano mbele ya watoto thelathini na wanne
ni ndefu kuliko hotuba ya mkuu wa shule.
Unasikia bomba la maji moto likigugumia.
Unasikia kalamu ikibingirika.
Unaona haya, kana kwamba umebisha hodi
na wenyeji wamo, na hawafungui.

Sekunde ya sita, Dulguun akasema kitu.
Anujin akamsahihisha, akakosea yeye.
Wakabishana, kwa Kiingereza kibovu, kitamu,
mpaka kengele.
Hayo yote yamo katika Jedwali la Pili.

Asiyemo ni Serikbol.
Mkazaki, mtoto wa wafugaji, hulala bwenini.
Kiingereza ni lugha yake ya tatu,
ya nne ukihesabu kunyamaza.
Mbele ya jina lake niliweka sifuri, na sifuri, na sifuri,
safu nzima ya vinywa vilivyoachwa wazi.

Ila Alhamisi moja, niko kwenye ngazi, madaftari kwapani,
alinikimbilia bila kofia,
akasema, na wakati uliopita umekaa mahali pake:
Mwalimu, nilikuwa na farasi. Baba alimuuza.

Asubuhi niliuliza:
ni kitu gani ulikuwa nacho, na sasa huna?
Saa nne na dakika ishirini.
Kinasa sauti kilikuwa kimezimwa, kiko mkobani.

Niliiandika aya hiyo, nikaipenda kuliko zote.
Mhakiki wa Kwanza: inagusa, ila haihusiki, iondolewe.
Mhakiki wa Pili: sampuli ni ndogo. Na kwa nini Hovd?

Kwa nini Hovd.
Kwa sababu ndiko swali lilikonikuta.
Nimeandika, meno nimeyauma:
nawashukuru wahakiki kwa maoni yao yenye thamani.

Fomu nayo inadai jina la ukoo.
Sisi tuna jina la baba, nalo hutangulia.
Nimelijaza la kwake; basi wakininukuu
watamnukuu dereva wa lori la makaa
aliyejua maneno mawili ya Kiingereza,
yote mawili ya breki.

Marejeo: koma, nukta, mlazo, mwaka kwenye mabano.
Nimehesabu nukta mpaka macho yameingia mchanga.

Aya nimeikata.
Maneno themanini na moja, yameondoka kimya kama mwenyewe.
Lakini kwenye jedwali, kwenye sifuri ya Alhamisi ile,
nimetundika kinyota,
na chini, kwa herufi ndogo kuliko zote:
mwanafunzi huyu alijibu baada ya muda wa kurekodi.

Wakitaka, wakiondoe. Watalazimika kwanza kukisoma.

Nimebonyeza. Kiduara kinazunguka, mtandao wa huku mnaujua.
Nyuma ya pazia mama mkwe anauliza:
Umemaliza?

Simjibu.
Anangoja.