Daftari la Pijo na Datsuni

Baba alikuwa msomaji wa mita za maji za jiji,
na mtu aliyezoea kusoma mita
hawezi kukaa na magari mawili kwa amani.
Ndiyo maana lipo hili daftari,
jalada la buluu, harufu ya petroli,
kila ukurasa umegawanywa kwa rula:
kushoto Pijo, kulia Datsuni.

Pijo 504, sisi 1971.
Datsuni esi-tatu, sisi 1595.
Nikiwa darasa la pili, pale Jericho,
nilidhani "sisi" ni sisi,
kwamba chini ya boneti ya Pijo
tumo watu elfu moja mia tisa sabini na mmoja,
tumebanana, tunasukuma.
Kyengo, kaka yangu, alicheka hadi akapaliwa.
Lakini hata leo, ikinguruma kwenye baridi ya Julai,
mimi nasikia umati.

Nguvu za farasi: karibu sawa.
(Baba alipiga mstari chini ya "karibu".)
Uzito: Pijo imezidi kwa mifuko mitano ya simenti,
na hapo hesabu huanza kuuma.
Datsuni, na kabureta zake mbili,
huondoka kama mtu aliyemwona mdai.
Pijo huondoka kama shangazi anayeaga:
amesimama, amekaa tena,
amekumbuka neno,
mpaka afike mlangoni chai imepoa.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi,
kilima cha Valley Road, tangi nusu, vioo juu:
Datsuni, sekunde arobaini na nne.
Pijo, hamsini na mbili.
Pijo, Mama akiwemo, hamsini na nane.
Chini yake, kwa penseli, mwandiko wa Mama:
*Andika na gunia la viazi, usinisingizie.*

Breki: Pijo.
Kona: Datsuni, ukiwa peke yako.
Mashimo ya Jogoo Road:
Pijo huyameza, Datsuni huyahesabu.
Vipuri vya Datsuni, Kirinyaga Road, hata sikukuu.
Vya Pijo, muone Jagtar kule Ngara,
mpe wiki mbili, na usisahau kumwulizia mgongo wake.

Pembeni, wino mwekundu, Baba akajaribu ushairi:
*Datsuni huenda mbio, Pijo hurudi nyumbani.*
Akaukata. Akauandika tena.

Kisha ukurasa huu.
Tarehe tisa Mei, saa nane usiku.
Safu ya Pijo: *haikuwaka.*
Safu ya Datsuni: *Jericho hadi Pumwani, dakika sita.*
Mahali pa sekunde, hakuna kitu.
Mtu aliyepima hata muda wa waipa
usiku ule hakutazama saa vizuri.
Mstari wa chini: *uzito, kilo tatu na robo.*
Hakusema uzito wa nani.
Ni wangu.

Sasa moja lazima iende;
deni la hospitali halisomi daftari.
Bwana Shiundu alikuja Alhamisi na viatu vyeupe.
Kyengo alikuwa amekariri kila kitu, kabureta, breki, sekunde,
akafungua kinywa kama mtahiniwa.
Bwana Shiundu akainua mkono.
"Ni ya harusi," akasema. "Nataka hiyo ya rangi ya maziwa."
Hakuuliza sisi ngapi.

Akaketi, akapapasa gia kwenye shingo ya usukani,
akaikosa mara mbili. Nikamwonyesha.
Pijo ikaaga kwa desturi yake,
ikazima langoni, ikawaka,
ikashika njia ya Jogoo Road, na umati wote ndani.

Jioni nikachukua rula na kalamu ya Baba.
Kushoto nikaandika: *imeondoka saa tisa na dakika kumi, mafuta robo.*
Kulia sikuwa na la kuandika
hadi asubuhi, nilipofungua swichi
na Datsuni, kwa wivu au kwa umande,
ikakataa katakata kuwaka.
Nikaandika hilo.