Kupanda Kalinzi na Bukuru

Reli huishia Kigoma, mbele yake ni maji.
Sisi wa baiskeli hatujawahi kuishia pale:
tunageuza shingo, Mwandiga, Bitale,
halafu barabara inainua kidevu
na kila mtu anaanza kunyamaza.

Kona zina majina, ingawa hakuna kibao.
Ya kwanza Karibu Mgeni. Ya pili Vua Shati.
Ile ndefu isiyo na kivuli, Rudi kwa Mama.
Ya mwisho haina jina;
ukifika pale huna pumzi ya kuitaja.

Nimepanda miaka kumi na mmoja,
chumvi ya Uvinza nyuma, gunia limekazwa kwa mpira wa tairi,
nikishuka na ndizi, breki zikinuka kama nywele zilizoungua.
Zamani tulipanda wawili.
Bukuru mbele, kwa kuwa alizaliwa mbele,
robo saa tu, lakini robo saa ile
hakuwahi kunirudishia.
Mimi Butoyi niliusoma mlima mgongoni mwake:
jasho likifika mkandani, tuko nusu;
akianza kuutukana mnyororo, tumekaribia.

Siku ile lilipita lori la saruji.
Akadaka bomba la nyuma kwa mkono mmoja,
kama wafanyavyo wote,
akageuka akanicheka, meno yote nje.
Kicheko hicho ninacho.
Mguu wa kushoto haupo.

Sasa ana kibanda Bitale, ananyoosha ringi.
Ananitoza bei ya watu wote,
ananikazia spoki, anauliza mambo madogomadogo:
Pale Vua Shati, ile mikaratusi wameikata?
Maji bado yanavuja kwenye ule mwamba?
Namjibu ndiyo, namjibu hapana,
kama mtu anayemsomea mwenzake barua huku anataka kuondoka.

Jumamosi nilikuta kibanda kimefungwa.
Amevaa shati la kanisani.
Gunia la chumvi kalishusha mwenyewe,
kakaa juu ya keria, gongo mapajani.
"Unangoja nini? Jua halina mjomba."

Ni mwepesi kuliko chumvi. Hilo liliniuma
kabla mlima haujaanza kuniuma.
Lakini chumvi haisemi!
Yeye: kanyaga. Yeye: usikae, simama kwenye pedali.
Yeye: mbona unakanyaga kama unaogopa kuamsha mtoto?
Vua Shati, nikavua. Mikaratusi haipo.
Akanyamaza, akanyoosha kidole kwenye visiki, akihesabu.

Rudi kwa Mama lori likatupita, polepole, likiguna,
bomba lake la nyuma karibu nami kabisa.
Sikuliangalia. Nilisikia mkono wake
ukishika mkanda wangu,
ukabana, ukabana,
mpaka moshi ukaisha.

Watoto wa shule walitusukuma kidogo wakidai peremende.
Niliyumba, nikapinda huku na huku, nikautukana mnyororo,
naye akaangua kicheko nyuma yangu:
"Basi tumekaribia."

Juu kulikuwa na ukungu na mama mmoja anayeanika kahawa
kwa imani tu. Nikashusha mguu chini.
Bukuru akapima kwa macho,
kutoka gurudumu la mbele hadi kwenye keria.
"Umenitangulia," akasema. "Mita moja. Si haba."
Kisha akaniomba maji, akayamaliza yote,
akauliza chumvi ya watu nitaipeleka saa ngapi.