Niliyeosha Sahani

Mimi ndiye niliyeosha sahani zake
miaka ishirini na sita, maabara ya ghorofa ya chini,
Patan, ng'ambo ya mto Bagmati:
sahani za kioo, upana wa kiganja,
ambazo hapana mtu aliyezilia chakula.
Walaji walikuwa wale wasioonekana.
Tuliwapikia damu ya kondoo na mwani,
tukawafunika, tukawalaza kwenye joto la homa,
na asubuhi Daktari Nanimaiya huja,
miwani imefungwa kwa uzi,
hunusa kwanza. (Vitabu vinakataza. Alinusa.)
"Huyu mwizi wa kawaida," husema. "Huyu, hapana."

Mwaka ule wa homa ya matumbo
watoto waliletwa migongoni, wote wa mtaa mmoja.
Hospitali ilihesabu vitanda. Yeye alihesabu ndoo.
Alitembea na daftari katika mvua za mwezi wa Asar:
mnachota wapi? nani huchota? saa ngapi?
mlango kwa mlango, hata kwa mjane
aliyemmwagia maji ya kuoshea mchele.
Nyayo zote ziliishia bomba la jiwe,
lenye mdomo wa mnyama aliyechongwa,
ambako mama yake mzazi, kila alfajiri,
hupaka tika nyekundu na kuacha maua.

Aliyakinga maji yale mwenyewe,
mkono haukutetemeka.
Ulitetemeka siku ya pili: madoa mekundu,
kila moja na kiini cheusi,
kama tika ya mama iliyoanza kuoza.
Alikaa hajavua glavu.
Husemwa maji yakimwagika hayazoleki;
kazi yake ilikuwa kuyazoa,
tone kwa tone, kwa pipeti.

Wakubwa walitaka saruji wazibe mdomo wa jiwe.
Yeye alikwenda kwa mama, sahani mkononi, imefungwa utepe.
Nilisubiri mlangoni na viatu vyake.
Nilichosikia ni sauti ya bibi:
"Kumbe na huyu naye anakula?"
kisha kicheko cha binti, au kilio.

Kesho yake bibi aliketi bombani kabla ya mapambazuko:
"Mungu mwogesheni. Ya kunywa, chemsheni."
Mafundi walichimba, wakakuta karo imepasuka
hatua tisa juu ya chemchemi.

Baadaye Geneva wakamwita.
Alirudi na makaratasi na chokoleti;
chokoleti tuligawana.

Jana amestaafu. Hotuba tatu,
umeme ukakatika katikati ya ya pili.
Walimsifu kwa vyeti. Watoto hawakutajwa,
na wangetajwaje? Asiyeugua hana faili.

Leo nimekuta sahani moja kwenye joto,
tarehe ya jana, mwandiko wake wa penseli:
*bomba la mama*.
Nimefunua. Nimenusa.
Hakuna kilichoota.

Nyingine zote nimeosha.
Hii bado.