Mtihani ni Alhamisi

Alfajiri ya Kutaisi, theluji imelala juu ya mabati,
bibi yangu Nanuli ameinamia tanuri hadi kiunoni,
anabandika mikate kwenye ukuta wa udongo wa moto
kama mtu abandikaye matangazo ndani ya kisima.
Mimi nimekaa juu ya gunia la unga, kitabu magotini.
Sura ya nne: unyumbufu.

"Nyumbu gani tena?" anauliza kutoka shimoni.
Si nyumbu, bibi. Ni kuvutika, kama lastiki ya soksi.
Bei ikipanda kidogo, wateja wanakimbia kiasi gani?

Anaibuka, uso mwekundu, ncha za nyusi zimeungua.
"Novemba nilipandisha mkate tetri ishirini.
Mzee Bichiko alinitukana mpaka mababu zangu,
kisha akanunua miwili, kama kawaida yake.
Lakini keki za lozi!
Nilipozigusa bei tu
zilikaa dirishani mpaka sukari ikatoa jasho."

Naandika pembeni: mkate, haunyumbuki.
Keki, hunyumbuka mno.
Kitabu kilihitaji kurasa kumi na moja.

Sura ya tano. Kodi ya duka
haijali umeoka mkate mmoja au mia tatu;
mwenye nyumba huja tarehe mosi, iwe mvua, iwe msiba.
Unga na kuni ndivyo vinavyopanda na kushuka
kwa kadiri ya mikono yako.
Na ile mashine ya kukandia, ya mtumba,
iliyokufa wiki ya pili,
iliyosimama pale pembeni, imefunikwa shuka kama maiti
kwa kuwa "niliitolea pesa nyingi, siwezi kuitupa":
kitabu kinasema pesa iliyokwisha kuzama
isipewe kiti kwenye baraza.
Hapo sikumsomea. Kuna kurasa za kuruka.

"Haya, inayofuata."

Gharama ya fursa, nasoma:
thamani ya kile bora ulichokiacha
ili ukipate hiki ulicho nacho.

Kuni zikapasuka.

Mwaka ule dada yake, Tsiala, alipopanda basi
kuelekea Bari, kuwaogesha wazee wa watu wengine,
viti vilivyolipiwa vilikuwa viwili.
Cha pili kilikuwa cha bibi.
Mama yangu alikuwa amezikwa Jumatatu,
na mimi nilikuwa na miezi saba na sauti kubwa.

Husemwa njia mbili zilimshinda fisi.
Bibi hazikumshinda. Alishika moja,
na ile nyingine ikamfuata nyumbani,
huketi naye mezani kila Tsiala anapotuma picha:
bahari, miwani ya jua, meno mapya.

"Hiyo," anasema, akijifuta mikono kwenye aproni,
"huandikwa safu gani ya daftari?"

Haiandikwi, namwambia.
Mhasibu haioni. Mchumi huihesabu,
ila hana risiti.

Anatafakari. Anachukua ile fimbo yake yenye ndoano,
anauopoa mkate wa kwanza wa asubuhi,
mrefu, umechongoka kama mtumbwi, ncha moja nyeusi,
anauvunja, mvuke unanipofusha miwani.

"Basi kula," anasema. "Na huu nao
ningemuuzia Bichiko."